Namna ya kutumia teknolojia za wavuti kuboresha utawala wa chuo kikuu na mawasiliano na wanafunzi

Chuo kikuu kinapoamua kuhamishia shughuli zake za utawala mtandaoni, hatua ya kwanza huwa ni kununua mfumo, na mwaka mmoja baadaye wanafunzi bado wamepanga foleni kwenye dirisha la msajili wakiuliza maswali yale yale. Mara nyingi kosa halimo kwenye mfumo wenyewe. Hakuna aliyeamua taarifa ipi inakaa wapi na nani ana mamlaka ya kuibadilisha. Ratiba ya mitihani imo kwenye tovuti ya chuo, imo kwenye faili la PDF la idara, imesambazwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa na imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nakala nne, tarehe tatu tofauti, na kila mwenye nakala anaapa kuwa yake ndiyo sahihi. Mwongozo huu unamlenga ofisa wa utawala au fundi wa mifumo aliyekabidhiwa kazi ya kuliondoa tatizo hilo, na unasimama juu ya kanuni moja: kila taarifa iwe na makao mamoja yanayojulikana, na njia nyingine zote, iwe ukurasa wa wavuti, barua pepe au ujumbe mfupi wa simu, ziwe wajumbe wanaochukua kutoka hapo.

Anza dirishani

Kabla ya kubuni ukurasa wowote, waombe makarani wa ofisi ya msajili, uhasibu na mabweni waandike kila swali wanaloulizwa kwa muda wa wiki mbili, ikiwezekana wiki moja ya usajili na wiki moja kabla ya mitihani, kwa sababu hizo ndizo nyakati ambazo udhaifu wa chuo huonekana wazi. Daftari la kawaida linatosha. Liwe na safu tatu: swali kama mwanafunzi alivyolisema kwa kinywa chake, mahali karani alipotazama ili kulijibu, na dakika zilizotumika. Safu ya pili ndiyo yenye thamani kubwa, kwani hapo utagundua kwamba karani, ili amweleze mwanafunzi kama ada yake imeingia, hufungua lahajedwali la uhasibu, kisha humpigia simu mwenzake wa ghorofa ya juu, kisha hupekua jalada. Usishangae pia ukikuta kwamba wengi hawaulizi taratibu, wanauliza hali: malipo yangu yameonekana, ombi langu limefika kwa nani, alama yangu iliyokosekana imeshawekwa. Maswali ya namna hiyo hayawezi kujibiwa na ukurasa wa maelezo, hata uandikwe vizuri namna gani. Yanajibiwa na rekodi ambayo mwanafunzi anaweza kuifungua na kuiona mwenyewe.

Daftari likishajaa, orodhesha taarifa zote zilizotajwa humo na uandike mbele ya kila moja cheo cha mwenye mamlaka nayo. Andika cheo, usiandike jina la mtu, maana watu huhama. Jina rasmi la mwanafunzi ni la msajili. Malipo ni ya uhasibu. Chumba ni cha ofisi ya mabweni. Namba ya simu ni ya mwanafunzi mwenyewe, naye aweze kuibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Alama zina wenyewe wawili kwa zamu: ni za idara mpaka kikao cha mitihani kizipitishe, na kuanzia hapo ni za msajili. Mpaka huo usipochorwa waziwazi katika mfumo, siku moja mhadhiri atasahihisha alama iliyokwisha kupitishwa, kwa nia njema kabisa, na hakuna atakayejua.

Taarifa hizo zikae katika hifadhidata ya kweli, yaani programu ya kutunza rekodi, kama vile PostgreSQL au MySQL ambazo zote zinapatikana bila malipo ya leseni, na si katika lahajedwali linalotumwa kwa barua pepe kutoka ofisi hadi ofisi. Jukwaa la kufundishia kama Moodle, ambalo limekuwepo tangu 2002, lisiwe na orodha yake ya wanafunzi inayotunzwa kwa mkono. Lipokee orodha kutoka kwa mfumo wa msajili kila usiku au kila saa. Kuna mambo mawili madogo ambayo hugharimu sana yakikosewa mwanzoni. La kwanza ni namba ya usajili: vyuo vingi hupenda kuweka ndani yake kitivo na programu ya masomo, kisha mwanafunzi anahama programu na namba inakuwa ya uongo. Ndani ya hifadhidata mpe kila mtu kitambulisho kisicho na maana yoyote na kisichobadilika kamwe, na ile namba ya usajili iwe taarifa ya kawaida inayoweza kurekebishwa. La pili ni majina. Fomu inayolazimisha jina la kwanza na jina la ukoo humtesa mwenye jina moja na humkata mwenye manne. Sehemu moja ndefu ya jina kamili, jinsi lilivyo kwenye cheti, huondoa usumbufu huo wote.

Ombi moja kwa karibu

Namna nzuri ya kujifunza kazi hii ni kuchukua huduma moja tu na kuifuata hatua kwa hatua. Tuchukue ombi la nakala rasmi ya matokeo. Kwa njia ya karatasi, mwanafunzi hujaza fomu, huipeleka maktaba igongwe muhuri kwamba hadaiwi vitabu, kisha uhasibu kwamba hadaiwi ada, kisha idarani, na mwisho kwa msajili. Chuo kikiigeuza fomu hiyo kuwa faili la kupakua, kuchapisha, kusaini, kupiga picha na kupakia, hakijaboresha chochote. Kimemhamishia mwanafunzi gharama ya karatasi. Jiulize ni nani kati ya wote wanaogonga muhuri aliye na taarifa ambayo mifumo ya chuo haina tayari. Maktaba inajua madeni ya vitabu, basi mfumo wa maombi uuulize mfumo wa maktaba. Uhasibu nao ni vivyo hivyo. Ukimaliza kuchuja, kazi inayohitaji jicho la binadamu hubaki kwa ofisa mmoja, anayehakiki matokeo na kusaini.

Fomu ya wavuti itakayobaki ni fupi mno. Mwanafunzi akishaingia kwa akaunti yake, mfumo unamjua jina, programu na mwaka wa kujiunga, kwa hiyo kumuuliza tena ni kumkosea adabu na kujiletea makosa ya uandishi. Muulize anataka nakala ngapi, atazichukua au zitumwe, na zitumwe kwa anwani ipi. Akibonyeza kitufe cha kutuma, apewe namba ya kumbukumbu na ukurasa unaoonyesha ombi limefika wapi: limepokelewa, linasubiri malipo, linahakikiwa, limesainiwa, liko tayari. Kila hatua iwe na tarehe yake na cheo cha anayelishughulikia.

Hatua inayosahauliwa ni ile ya ombi lililorudishwa. Neno “Halijakamilika” peke yake halimsaidii mtu, na ndilo litakalomrudisha dirishani. Andika hivi: “Unadaiwa kitabu kimoja maktaba, ulichoazima tarehe 14 Oktoba. Ukishakirudisha, ombi hili litaendelea lenyewe; huna haja ya kuomba upya.” Sentensi mbili za namna hiyo zinamweleza mwanafunzi sababu, la kufanya na la kutofanya. Ziandikwe na karani anayejibu swali hilo kila siku, si na fundi.

Kwa upande wa ufundi, kila badiliko la hali liongezwe kama mstari mpya wenye saa na jina la aliyelifanya, wala lisifute lililotangulia, kwa kuwa malalamiko yakija miezi 6 baadaye historia hiyo ndiyo ushahidi pekee. Kumbuka pia kwamba mtandao ukiwa mzito watu hubonyeza kitufe mara mbili au tatu. Ipe kila fomu alama ya kipekee inayotumika mara moja tu, ili mbonyezo wa pili urudishe ombi lile lile na usizae jingine. Taarifa za malipo kutoka benki nazo huweza kufika zaidi ya mara moja. Namba ya muamala ikiwekwa katika hifadhidata kwa sharti la kutorudiwa, malipo hayatahesabiwa mara mbili hata taarifa irudiwe mara kumi.

Ofisa naye asisahauliwe. Anachohitaji ni orodha ya maombi yaliyo mezani kwake, la zamani zaidi likiwa juu. Wakuu wa vyuo hupenda kuonyeshwa grafu za rangi nyingi, na sina ugomvi nazo, lakini ningeambiwa nichague takwimu moja tu ya kuweka ukutani ningechagua umri wa ombi la zamani kuliko yote ambalo halijajibiwa. Wastani huficha, umri wa ombi hilo moja haufichi kitu.

Ujumbe uandikwe ili usomwe

Mfumo ukishakuwa na rekodi za kuaminika, mawasiliano huwa mepesi, kwa sababu ujumbe unatungwa kutokana na rekodi yenyewe na unatumwa kwa wanaohusika tu. Mtihani wa somo la HS201 ukihamishwa, wajulishwe waliosajiliwa katika somo hilo. Chuo kinachowatumia wanafunzi wote kila tangazo huwafundisha kutosoma, na siku ya tangazo la maana hakuna atakayelifungua.

Ujumbe mfupi wa simu unastahili uangalifu wa pekee kwa kuwa humfikia hata asiye na intaneti wala simujanja. Hebu tulinganishe. Tangazo la kawaida la ofisi husema: “Ndugu mwanafunzi, unataarifiwa kwamba kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu kumekuwa na mabadiliko katika ratiba ya mitihani. Tafadhali tembelea tovuti kwa taarifa zaidi.” Limejaa heshima na halina habari. Sasa soma hili: “Mtihani wa HS201 umehamishwa kutoka Jumatatu 10 Machi saa 3:00 asubuhi kwenda Jumatano 12 Machi, saa ile ile, ukumbi B. Mitihani mingine haijabadilika.” Hizo ni herufi 151 pamoja na nafasi na vituo, na ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Sentensi ya mwisho ndiyo itakayoziokoa simu za ofisi, kwani swali la kwanza la kila anayesikia habari ya mabadiliko ni kama na mitihani yake mingine imeguswa.

Kuna mtego mmoja ambao hutunasa waandishi wa Kiswahili kuliko wengine. Kiwango cha herufi 160 ni cha herufi za kawaida tu; ikiingia alama moja isiyo katika seti hiyo, ujumbe wote hubadilishwa usimbaji, yaani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa namba, na kiwango kinashuka hadi 70. Programu za kuandikia nyaraka huigeuza ritifaa ya kawaida (') kuwa ritifaa iliyopinda bila kuulizwa, na ritifaa hiyo iliyopinda haimo katika seti. Kwa hiyo neno moja kama ng'ambo, likinakiliwa kutoka kwenye waraka, linaweza kuugeuza ujumbe wetu wa herufi 151 kuwa vipande vitatu, na kampuni ya kutuma ujumbe hutoza kwa kila kipande. Zidisha kwa idadi ya wanafunzi. Dawa ni kuweka katika mfumo hatua inayobadilisha ritifaa na alama za nukuu zilizopinda kuwa za kawaida kabla ya kutuma, na kumwonyesha mwandishi idadi ya vipande anapoandika.

Saa na tarehe nazo zina mtego wake. Mifumo huhifadhi saa kwa hesabu inayoanza usiku wa manane, kwa hiyo mtihani wa saa tatu asubuhi umehifadhiwa kama 09:00. Fundi akiitoa saa hiyo jinsi ilivyo katikati ya sentensi ya Kiswahili, kuna atakayesoma saa tisa na akafika mchana. Hifadhi kwa mtindo wa mashine, lakini igeuze kabla ya kumwonyesha msomaji, na taja daima kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku. Tarehe iandikwe kwa jina la mwezi, maana 04/03 ni Machi kwa mmoja na Aprili kwa mwingine.

Barua pepe inafaa kwa mambo marefu na yanayohitaji kuhifadhiwa, ila lazima iandaliwe ili isiishie kwenye kasha la barua taka. Tangu 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe umiliki wa anwani zao kwa rekodi za SPF, DKIM na DMARC, ambazo huonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye anwani. Kwa Google, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda akaunti za Gmail anahesabiwa kuwa mtumaji wa wingi, kiwango ambacho chuo kikubwa hukifikia kwa tangazo moja. Ratiba za vipindi zisitumwe kabisa kama viambatisho. Zitolewe kwa mfumo wa iCalendar, ambao karibu kila kalenda ya simu inauelewa: mwanafunzi hujiunga mara moja na kiungo cha ratiba yake, na kipindi kikihamishwa kalenda yake hujisahihisha.

Makundi ya WhatsApp yatakuwepo chuo kipende kisipende, na sioni haja ya kupigana nayo. Yachukue kama wajumbe. Mpe kiongozi wa darasa kiungo cha ukurasa wenye tangazo badala ya picha ya tangazo, kwa kuwa picha haiwezi kusahihishwa ikishasambaa, ilhali ukurasa hubadilika palepale ulipo. Kisichofaa ni kupokea maombi au malalamiko rasmi kupitia makundi hayo, ambako hayana namba ya kumbukumbu wala mwenyewe, na ambako namba ya simu ya kila mtu iko wazi kwa wote.

Siku ya matokeo

Mfumo wa chuo hupimwa siku ya matokeo. Maelfu ya watu huja ndani ya dakika chache, kila mmoja akibonyeza kuonyesha upya, na seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa, inaanguka. Mara nyingi sababu si wingi wao peke yake, ni kwamba kila anayefungua ukurasa huilazimisha hifadhidata ikokotoe upya hesabu ambayo haijabadilika tangu asubuhi. Kokotoa mapema. Usiku wa kuamkia siku hiyo, tayarisha ukurasa wa kila mwanafunzi ukiwa umekamilika, ili kesho yake seva isome tu na kutoa. Toa matokeo kwa vitivo, kwa kupishana nusu saa au zaidi, na ujumbe wa kuwajulisha nao utumwe kwa mafungu. Kuwaarifu wote kwa sekunde moja ni kuita mafuriko kwa sauti yako mwenyewe. Seva ikizidiwa hata hivyo, ijibu kwa msimbo 503, unaokiambia kivinjari kwamba huduma haipatikani kwa sasa, na ukurasa mwepesi unaosema matokeo yapo salama na ujaribu tena baada ya muda fulani. Ukurasa mweupe usio na neno huzaa uvumi.

Usitoe kamwe orodha ya majina na alama katika faili la wazi, hata kama ndivyo ilivyobandikwa ukutani miaka yote. Ukuta husomwa na wapitao, faili husomwa na dunia na hubaki. Kuna jaribio moja ninalolifanya katika kila mfumo wa matokeo kabla ya kuuamini. Ingia kwa akaunti ya mwanafunzi wa majaribio, fungua ukurasa wa matokeo, tazama anwani iliyo juu ya kivinjari, na kama inaishia kwa namba, ibadilishe kuwa namba ya mwanafunzi wa majaribio wa pili. Yakitokea matokeo ya huyo wa pili, simamisha uzinduzi mpaka seva ifundishwe kuuliza, kwa kila ukurasa, aliyeingia ni nani na ana haki ya kuona nini. Kuficha kiungo si ulinzi.

Mengine ya usalama yanajulikana, na nayataja kwa ufupi. Kurasa zote zipite kwenye HTTPS, njia inayoficha mawasiliano kati ya kivinjari na seva, na vyeti vyake vinapatikana bure kwa Let's Encrypt. Maneno ya siri yahifadhiwe kwa njia isiyoweza kurudishwa nyuma, kama bcrypt au Argon2, kiasi kwamba hata fundi hawezi kuyasoma. Mwanafunzi awe na akaunti moja kwa huduma zote, jambo linalowezekana kwa viwango vya mifumo kupashana utambulisho wa aliyeingia, kama SAML 2.0 kilichopo tangu 2005, na watumishi wanaoweza kugusa alama waingie kwa hatua mbili. Nakala za akiba ziwe 3, katika aina 2 za vifaa, na 1 iwe nje ya chuo. Mara moja kila muhula, jaribu kurejesha mfumo mzima kutoka kwenye nakala hiyo katika seva tupu. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Uzito wa kurasa

Picha ya jengo la utawala iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huweza kuwa na megabaiti 4, na kwa mtandao wa kilobiti 400 kwa sekunde itachukua sekunde 80 kushuka, wakati maandishi ya tangazo zima hayafiki kilobaiti 10. Jaribu kila ukurasa kwa simu ya bei nafuu kabisa na bando la kawaida, nje ya mtandao wa chuo. Tangazo liwe maandishi, si karatasi iliyopigwa picha, kwa kuwa programu zinazowasomea wasioona haziwezi kusoma picha ya karatasi, na mwenye macho mazuri naye hawezi kutafuta neno ndani yake. Rangi za maandishi zitofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, kama miongozo ya WCAG, ya kurasa zinazotumika na watu wenye ulemavu, inavyotaka. Kijivu juu ya nyeupe hupendwa na wasanifu na hakisomeki juani.

Kufunga njia ya zamani

Huduma mpya ikishathibitika, tangaza tarehe ya kufunga ile ya karatasi na uiheshimu. Njia mbili zikiendeshwa sambamba bila kikomo, kazi ya makarani huwa mara mbili na rekodi huanza tena kutofautiana. Hii haimaanishi kumfungia mlango asiye na simu: aje dirishani kama zamani, na karani amjazie fomu ile ile ya wavuti mbele yake na kumpa namba ya kumbukumbu kwenye kikaratasi, ili rekodi ibaki moja. Anwani za kurasa za zamani zielekezwe kwenye mpya kwa msimbo 301, unaosema ukurasa umehama kwa kudumu, maana zimeandikwa katika barua za udahili na vipeperushi ambavyo hutaweza kuvikusanya.

Mwaka unaofuata, katika wiki zile zile, rudisha daftari dirishani. Swali likiwa bado linaulizwa wakati jibu limo kwenye ukurasa, usikimbilie kulaumu wanafunzi kwamba hawasomi. Fungua safu ya kwanza, tazama maneno waliyotumia kuuliza, na uyaweke hayo kuwa kichwa cha ukurasa mahali pa yale ya ofisi.